Kwale hawamalizwi na mwewe

Wawindaji wa ndege huku Arusha wanalalamika kwamba kwale na kanga wamepungua, na lawama zote humwangukia mwewe na nguchiro. Imani hii ni ya siku nyingi, nami naielewa: mwewe anaonekana akinyakua, dawa ya wadudu haionekani ikiua.

Lakini kwale na mwewe wameishi pamoja tangu zamani. Kilichobadilika ni nyasi. Kwale hutaga chini, kwenye kishimo kidogo kilichofichwa na majani makavu. Kando za shamba zikifyekwa au kuchomwa moto, mayai yanabaki wazi, na hapo nguchiro hapati taabu yoyote. Kifaranga naye, wiki zake za kwanza, hutegemea sana wadudu: panzi, mchwa, viwavi. Shamba la mahindi lililopuliziwa dawa ni jangwa kwake, hata liwe la kijani namna gani.

Uingereza waliligundua hili kwa kwale wao wa kijivu, katika mashamba ya Sussex, utafiti ulioanza miaka ya 1960.

Huku tambarare za Moshi, pita alfajiri kando ya mfereji wenye nyasi ndefu. Bado utawasikia wakiita.