Je, wajua kwa nini majengo 178 yanaweza kuwa sawa na jengo moja?

Mwaka 2006 kampuni ya Marekani iitwayo Spirit Finance ilinunua majengo 178 ya Shopko, mtandao wa maduka makubwa kutoka Wisconsin, kwa zaidi ya dola milioni 800, kisha ikaipangisha Shopko hiyohiyo. Ukiangalia ramani, mali ilikuwa imetawanyika. Ukiangalia daftari la pango, anayelipa ni mmoja. Spirit ilipoorodheshwa kwenye soko la hisa la New York mwaka 2012, takriban asilimia 30 ya mapato yake ya pango ilikuwa ikitoka Shopko.

Upangaji wenyewe si kama wa nyumba za kuishi. Mpangaji huchukua jengo zima kwa miaka 10, 15 hata 20, na juu ya pango hulipa pia kodi ya serikali ya jengo, bima na matengenezo. Paa likivuja, mwenye jengo hana habari nalo. Raha hiyo ina bei yake: jengo la mpangaji mmoja ama limejaa, ama ni tupu. Likibaki tupu, pango linakatika na bili zote zinamrudia mwenyewe. Tena, jumba lililojengwa kwa duka moja kubwa halipati mteja upesi. Mara nyingi hulazimika kugawanywa vyumba, kwa fedha za mwenye jengo. Waliokuwa Nairobi wakati supamaketi za Nakumatt zinafunga matawi wanaijua hali hiyo.

Basi ili kupunguza hatari, kinachotawanywa hasa ni nini? Kwanza mpangaji, ndiyo, lakini hapo ndipo wengi hudanganyika. Chukua mwekezaji aliyekuwa na jengo la Walgreens kule Ohio, la CVS kule Texas na la Rite Aid kule Pennsylvania. Majimbo matatu, kampuni tatu, na wote waliuza dawa. Faida ya dawa ikibanwa na bima za afya, au wateja wakihamia intaneti, wanaumia pamoja. Rite Aid iliomba kinga ya kufilisika (ulinzi wa mahakama dhidi ya wanaoidai) mwaka 2023, ikarudi tena 2025. Mwenye akili angechanganya duka la dawa na ghala, gereji au duka la vyakula. Tarehe za mwisho wa mikataba nazo zisilundikane mwaka mmoja, la sivyo utajikuta ukitafuta wapangaji kumi kwa mpigo, tena pengine soko likiwa baya.

Spirit ilianza kuuza majengo ya Shopko kidogo kidogo, na Mei 2018 ikayatenga yaliyosalia katika kampuni nyingine. Januari 2019 Shopko iliomba kinga ya kufilisika. Kufikia katikati ya mwaka maduka yote yalikuwa yamefungwa. Kwa maoni yangu, Spirit ilijinusuru kwa kuchelewa, ila ilijinusuru.

Mwaka 2024 Spirit yenyewe ilimezwa na Realty Income, kampuni iliyoanza 1969 kwa jengo moja la mgahawa wa Taco Bell huko California. Leo ina majengo zaidi ya 15,000, lakini idadi hiyo si jambo la kwanza ningeliuliza. Ningeuliza mpangaji wake mkubwa kuliko wote analeta kiasi gani cha pango: hafikii asilimia 5.