Dhima ya mwenye jukwaa: kaandika mwingine, unaulizwa wewe

Jioni moja, dagaa wameshaanuliwa mwaloni Kibirizi, Kigoma, simu ikaita.

"Shikamoo dada. Nimeona jina langu na picha yangu kwenye grupu lako."

Kwenye grupu letu la WhatsApp la wachuuzi kuna mtu alikuwa ameandika kwamba kijana huyu wa Mwanga ni tapeli, amekula hela ya magunia manne. Nikamwambia, "Marahaba mdogo wangu, lakini mimi sijaandika hata neno moja. Muulize aliyeandika."

"Aliyeandika yuko Tabora, simjui. Grupu ni lako, dada."

Hapo ndipo dhima ya mwenye jukwaa inapoanzia. Dhima ni mzigo wa kujibu, na mzigo huo unaweza kukuangukia hata kama kosa hukulitenda wewe. Aliyeandika uongo anajibu kwa uongo wake, hilo halina ubishi. Kwa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamkamata anayesambaza taarifa huku akijua ni za uongo, kwa nia ya kumchafua au kumtisha mtu: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote pamoja. Utata uko kwa yule aliyetoa ukumbi maneno yakasemwa.

Marekani walilipigania jambo hili mapema, na walianza kwa kituko. Mwaka 1991 kampuni ya CompuServe ilishtakiwa kwa maneno yaliyowekwa kwenye huduma yake ya mtandaoni, ikashinda: haikuwa ikiyapitia kabla hayajatoka, kwa hiyo haikuyajua, sawa na muuza vitabu asiyesoma kila kitabu dukani kwake. Mwaka 1995 ikaja zamu ya Prodigy, kampuni nyingine ya namna hiyo. Hawa walikuwa na kanuni, walikuwa na watu wa kufuta matusi, walijitahidi kuweka mahali pao safi. Mahakama ya New York ikasema kwa kuwa mnachuja, basi ninyi ni kama mhariri wa gazeti, jibuni. Yaani anayefagia uwanja ndiye anayeulizwa takataka, na aliyeuacha ujichafukie anakwenda zake. Bunge lao likaona hapo hakuna mwenye akili atakayefagia tena, na mwaka 1996 likapitisha kifungu cha 230 cha sheria yao ya mawasiliano: mwenye jukwaa hahesabiwi kuwa msemaji wa maneno ya mwingine, na akifuta kwa nia njema haadhibiwi kwa kufuta.

Ulaya hawakufika mbali hivyo, na sisi pia hatukufika. Kwetu kila kitu kinaning'inia kwenye neno moja, kujua. Sheria ile ya 2015 haimlazimishi mtoa huduma kukaa macho akikagua kila kinachopita kwenye mitambo yake. Lakini akishapewa amri ya kuondoa jambo mahsusi, kinga yake inategemea ameliondoa upesi kiasi gani. Upesi huo wenyewe umekuwa ukibana: kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilitoa muda wa saa 12, za 2020 zikaushusha hadi saa 2. Saa 2 ni kidogo mno kwa mtu ambaye umeme umekatika na simu haina chaji, lakini ndivyo kanuni hizo za 2020 zilivyoandikwa.

Je, admini wa grupu ni mtoa huduma? Kwa ninavyoisoma mimi, vifungu hivyo vilitungwa vikimtazama mwenye mitambo, wala si muuza dagaa mwenye watu 200 kwenye simu. India swali hili lilifika Mahakama Kuu ya Bombay, na mwaka 2021 ikasema admini habebi kosa la mwanagrupu ila kama walikubaliana kulitenda. Uamuzi huo hauifungi mahakama yetu. Na kuna jambo limebadilika: zamani admini aliweza kumtoa mtu tu, meseji ikabaki. Tangu 2022 anaweza kuifuta kwa wote. Ukishaambiwa, na kidole kinaweza, kusema "sikuandika mimi" kunakuwa utetezi dhaifu sana.

Picha na namba ya simu ya mtu ni habari nyingine tena, hizo ziko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Nilipiga skrinishoti kwanza. Ushahidi wa kielektroniki unapokelewa mahakamani, na kijana angeuhitaji kama angeamua kumfuata aliyemchafua. Kisha nikafuta. Haikupita dakika, yule wa Tabora akaandika mbele ya watu wote: "Admini, umekatiwa shilingi ngapi?"