Mkakamao wa misuli, na jinsi neno lenyewe linavyotupotosha

Wiki iliyopita nimeisikia tena, na safari hii nimeshindwa kunyamaza. Mkimbiaji amesimama ghafla zikiwa zimebaki kilomita tano, ameshika shavu la mguu, uso umekunjamana, na mtu wa pembeni anatoa hukumu: "Msuli umevutika huo, mpeni maji." Maneno matano, makosa mawili. Msuli haukuvutika, na maji hayakuwa dawa yake. Kilichonisumbua zaidi ni kwamba msemaji hakuwa mjinga. Alikuwa anaifuata lugha yake tu, na lugha ndiyo iliyompeleka pabaya.

Maana kwanza, haraka haraka. Mkakamao wa misuli ni msuli kujikunja wenyewe pasipo hiari yako, ukawa mgumu kama jiwe, ukauma, na ukagoma kulegea. Hukaa sekunde kadhaa, pengine dakika chache. Wakimbiaji wa masafa marefu hupatwa hasa kwenye shavu la mguu na kwenye paja, mbele au nyuma, na mara nyingi ni mwishoni mwa mbio au punde tu baada ya kuvuka mstari. Basi.

Sasa neno. Kukakamaa, kwa asili yake, ni kukauka hadi kuwa gumu. Ngozi iliyowambwa juani hukakamaa. Nguo iliyotiwa wanga kupita kiasi hukakamaa, hata ukiisimamisha inasimama. Kutoka hapo neno likapanda hadi kwenye tabia: mtu aliyekakamaa ni yule asiyelegeza msimamo, na kama legea inavyozaa legevu, kakamaa ikazaa kakamavu, na ukakamavu ukawa sifa ya askari na ya kijana aliyefunzwa akafunzika. Neno moja, basi, lina ugumu wa ngozi kavu upande huu na ugumu wa moyo upande ule. Halafu tukalichukua hilohilo tukampa mkimbiaji anayelia kando ya barabara.

Ndiyo maana nasema lugha imetupoteza. Ukisikia "msuli umekakamaa", akili inaiona ile ngozi. Ngozi ikikakamaa unafanyaje? Unailowesha, inalegea. Basi mpeni maji! Na akili ikielekea upande wa pili ni mbaya zaidi, maana inaanza kuuliza mbona huyu aliyekakamaa hana ukakamavu. Nimewasikia makocha wakimkaripia mtu aliyebanwa na msuli kana kwamba amekosa ujasiri, wakati msuli wake ndio kitu pekee pale uwanjani kilichokataa kabisa kuacha kazi.

Hapo ndipo penye kiini. Msuli uliokakamaa haujakauka wala haujazimika. Unafanya kazi kuliko wakati wowote. Ukiupima umeme wake wakati wa mkakamao utakuta neva, yaani mishipa ya fahamu, zinaupigia kelele mfululizo: jikunje, jikunje, jikunje. Linganisha na maiti. Mkakamao wa maiti tunauita kwa jina lilelile, lakini ni kitu tofauti kabisa, kwa sababu msuli unahitaji nishati hata ili kulegea, na maiti hana tena nishati hiyo, kwa hiyo nyuzi zake hubaki zimeshikana kimyakimya. Kwa mkimbiaji hakuna kimya. Kuna amri isiyokoma.

Amri hiyo inatoka wapi? Ndani ya msuli kuna vipokezi vinavyohisi msuli ukirefuka, navyo huuchochea ujikunje. Kwenye kano, ile kamba inayoushikanisha msuli na mfupa, kuna vingine vinavyopima mvuto na kuutuliza msuli usizidishe. Hivi vya pili vinaitwa kwa jina la Camillo Golgi, tabibu wa Italia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1906. Mwaka 1997 watafiti wa Afrika Kusini wakiongozwa na Martin Schwellnus walipendekeza kwamba uchovu huvuruga mizani hii: wachochezi wanazidi, watulizaji wananyamaza, na neva kwenye uti wa mgongo zinabaki zimewaka. Hali huwa mbaya zaidi msuli ukiwa tayari umefupika, kwa sababu hapo kano imelegea na mtulizaji hana anachokipima. Shavu la mguu na misuli ya paja, ambayo mingi inavuka viungo viwili, hujikuta katika mkao huo hatua baada ya hatua.

Nadharia ya maji na chumvi ni kongwe zaidi, na haikuzuka hewani. Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari waliwaona wachimba migodi na wachochezi wa makaa kwenye meli za mvuke, watu waliotoka jasho siku nzima kwenye joto kali kisha wakanywa maji matupu, wakikakamaa vibaya mwili mzima. Chumvi iliwasaidia. Kosa lilikuja tulipolihamisha jambo hilo lilivyo kutoka tanuri la meli hadi barabarani. Wakimbiaji wa mbio za Two Oceans za kilomita 56, huko Cape Town, Afrika Kusini, walipopimwa damu, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, waliokakamaa hawakuwa wamepungukiwa maji kuliko wenzao, na tofauti za madini zilikuwa ndogo mno kueleza kitu. Mwaka 2011 ikaja kazi nyingine, wanamichezo 210 wa Ironman, wale wanaoogelea, wakaendesha baiskeli, kisha wakakimbia marathoni nzima. Kilichotabiri nani atakakamaa kilikuwa kasi kubwa ya mbio na historia ya kukakamaa huko nyuma. Kiu haikutabiri.

Tena ukifikiri kidogo tu, utaona nadharia ya chumvi ina tundu. Jasho linatoka mwili mzima na damu inazunguka mwili mzima. Kama tatizo liko kwenye damu, mbona unakakamaa shavu la mguu wa kushoto peke yake, na taya na mikono iko salama?

Sisemi usinywe. Kimbia na kiu kwa muda wa saa nne kwenye joto na utaona mengine mabaya, na wapo watu ambao jasho lao lina chumvi nyingi sana na wanaona nafuu wakiirudisha. Ninachokataa ni kumtia mtu maji kinywani kwa nguvu kwa sababu ya neno. Mwaka 2002, kwenye marathoni ya Boston, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza, na asilimia 13 kati yao walikuwa na sodiamu, madini ya chumvi yaliyomo kwenye damu, iliyoshuka chini ya kiwango. Waliokuwa hatarini zaidi ni waliokunywa hadi wakaongezeka uzito njiani. Hali hiyo ikizidi inaua, na mkakamao wa shavu la mguu hauui.

Halafu kuna kisa cha siki, ambacho nakipenda. Wapo wanaokunywa maji ya matango yaliyolowekwa kwenye siki na kuapa kwamba yanafungua msuli. Watu wa chumvi walishangilia: si mnaona, chumvi! Maabara ikajaribu mwaka 2010, ikiukakamaza msuli wa mguu kwa umeme. Waliokunywa maji hayo mkakamao wao uliisha mapema kwa takriban sekunde 49 kuliko waliokunywa maji matupu. Sekunde 49, na mikakamao yenyewe kwa wastani iliisha ndani ya dakika mbili au zaidi kidogo. Hakuna chumvi inayotoka tumboni hadi mguuni kwa mwendo huo, na damu yao haikuonyesha badiliko la maana. Maelezo yaliyobaki ni kwamba ule ukali kooni unaamsha neva, na neva zinazipunguzia kelele zile za uti wa mgongo. Kwa hiyo hata dawa ya watu wa chumvi inatushuhudia sisi watu wa neva.

Kinga je? Hapa sikai, kwa sababu jibu halina utamu na huwezi kulinunua kwenye chupa. Usianze mbio kwa kasi ambayo hujawahi kuikimbia mazoezini. Ndiyo nusu ya habari yote. Nusu nyingine ni kuzoesha miguu umbali mrefu, kuongeza mazoezi ya nguvu (wakimbiaji wa marathoni ya Valencia, Hispania, waliokwepa mkakamao ndio zaidi waliokuwa wakiyafanya), na kutofika mstari wa kuanzia ukiwa na misuli iliyojeruhiwa na mazoezi ya juzi. Na ukiona msuli unatetemeka kidogo chini ya ngozi, punguza mwendo hapo hapo, usingoje. Vidonge vya magnesi havijaonyesha ushahidi wa maana kwa mkimbiaji. Kwinini, ambayo wazee waliwahi kupewa kwa mikakamao ya usiku, iache kabisa: mwaka 2006 mamlaka ya dawa ya Marekani iliizuia isiuzwe bila idhini, baada ya madhara kwenye damu na moyo.

Nirudi kwenye kinachoniuma. Tuna maneno mazuri na tunayatupa ovyo. Mguu ukifa ganzi, neva zimenyamaza. Ukikakamaa, neva zinapiga kelele. Ni kinyume, lakini nasikia mtu akisema "mguu umekufa ganzi" huku ameushika na machozi yanamtoka. Kichomi ni cha ubavuni, hakina uhusiano. Mshipa tumeubebesha mzigo wa damu, wa neva, wa kano, na hata wa ngiri, kiasi kwamba ukimwambia daktari "nimeshikwa na mshipa" lazima akuulize wa wapi kabla hajakuangalia mguu. Hata msuli wenyewe ukifungua kamusi unaukuta mara mbili, mara moja ni ile shuka ya kiunoni, lakini hiyo angalau haijamchanganya mtu barabarani.

La kuvutika ndilo lenye hatari. Msuli uliovutika umenyooshwa kupita uwezo wake, nyuzi zimechanika, na huo unataka kupumzishwa. Ukiunyoosha unauchana zaidi. Msuli uliokakamaa umefupika na unataka kunyooshwa, taratibu na bila kudundadunda, hadi kano ikazike na mtulizaji wake aamke. Ukichanganya majina umebadilisha na tiba. Na unaweza kuutofautisha kwa mkono: uliokakamaa unashikika mgumu kama mpira uliojaa, na ukilegea mtu anaondoka akichechemea kidogo tu. Uliochanika unauma mahali pamoja, hauachii, na kesho yake huenda pakavilia damu.

Mimi ningependelea tuseme kubanwa. "Nimebanwa na msuli." Sikiliza sarufi yake: mtendaji ni msuli, mimi ndiye ninayetendwa. Hakuna ngozi kavu ndani yake, hakuna ukakamavu wala ulegevu wa kumlaumu mtu. Watangazaji wa mpira wanalisema kila siku bila kujua wamepatia.

Yule kijana wa wiki iliyopita nilimkalisha, nikamwomba anyooshe goti, nikashika vidole vya mguu wake nikaanza kuvisukuma kuelekea kwake polepole. "Kaka, pole pole, msuli umevutika," akaniambia kwa meno yaliyokazana.

"Bado haujavutika," nikamwambia. "Ndiyo kwanza tunauvuta."