Cheche si makali: yanayodhaniwa kuhusu kunoa shoka

"Shoka butu ni salama kuliko kali." Naanza na hili kwa sababu ndilo linaloumiza watu. Shoka kali huzama pale lilipopigwa. Lililo butu huteleza juu ya gome na kuja mguuni, tena likiwa na nguvu zote ulizoongeza kwa sababu halikati.

Dhana inayoharibu mashoka mengi ni ile ya mashine ya kunolea: kwamba cheche zikiruka, makali yanakuja. Ugumu wa makali umetokana na moto uliopimwa. Chuma kilipashwa mpaka kikawa chekundu, kikapozwa ghafla, kisha kikapashwa tena kidogo kisije kikakatika kama kioo. Ukilisugua shoka kwenye mashine mpaka ukingo ukageuka buluu, joto limefika karibu nyuzi 300 za Selsiasi na ugumu mwingi umeshakwenda. Ukingo ni mwembamba, hivyo hufika huko kwa sekunde chache tu. Wapo wanaolichovya majini wakati huo wakidhani wameokoa kitu. Wapi! Chuma hicho hakirudi ugumu wake mpaka kipashwe upya hadi nyuzi zipatazo 800. Maji yanasaidia kabla rangi haijabadilika, na sharti uchovye kila baada ya mguso mmoja au miwili. Mimi nimebaki na tupa na kinoo.

Tupa nayo wengi huipeleka mbele na nyuma kama msumeno. Meno yake hukata ikisukumwa tu. Kuivuta ikiwa imegandamizwa ni kuyaua. Sukuma, inua, rudi. Noa upande mmoja mpaka kidole kihisi kijiuzi cha chuma kimejikunja upande wa pili, urefu wote wa makali, ndipo ugeuze. (Kidole kipite kutoka kwenye bapa kuelekea nje, kamwe kisipite kwa urefu wa makali.) Kijiuzi hicho usikionee fahari. Kiondoe kwa kinoo, la sivyo kitakatika kwenye gogo la kwanza na shoka litakuwa butu tena.

Je, liwe jembamba kama wembe? Hapana. Makali membamba mno humeguka yakikutana na fundo la mti mgumu. Pembe ya nyuzi 20 hadi 25 kila upande inatosha kwa kazi za kila siku. Shoka la kupasulia kuni linaweza kuwa nene zaidi, kwani linafanya kazi ya kabari: mashavu yake ndiyo yanayotenganisha gogo.

Na hayo makali huwa hayaliwi na mti peke yake. Pigo moja la udongo wenye mchanga huharibu kazi ya nusu saa, kwa hiyo pasulia juu ya kigogo. Ukimaliza, usiliache limechomekwa humo usiku kucha. Mti mbichi una maji, na kutu huanzia palepale kwenye ukingo.