Mary Oliver na neno “mnyama”

Nafundisha falsafa ya fasihi, na kila muhula tunapofika kwa mshairi Mmarekani Mary Oliver naingia darasani na wasiwasi uleule. Wanafunzi wanampenda haraka mno. Mashairi yake ni mafupi, maneno ni ya kila siku, na ndani yake mna bundi, mabwawa, dubu na mbwa. Wakimaliza, wanafunga kitabu wakiamini wamesoma sifa za maua. Hata kwao Marekani wapo wahakiki waliomwona mwepesi, ingawa alipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1984 kwa diwani ya American Primitive, na Tuzo ya Kitaifa ya Vitabu mwaka 1992. Mimi namhesabu miongoni mwa wanafalsafa. Uzito wa hoja yake niliupima vizuri siku nilipoanza kumtafsiri, kwa sababu yapo maneno yake yaliyogoma kabisa kuingia katika Kiswahili.

Neno lililonitesa zaidi ni mnyama.

Shairi lake linalojulikana kuliko yote, Wild Geese, limo katika Dream Work ya mwaka 1986. Linaanza kwa kumtua msomaji mzigo: si lazima uwe mwema, wala si lazima uvuke jangwa kwa magoti ukitubu. Unachotakiwa ni kumwacha mnyama laini ambaye ndiye mwili wako apende anachokipenda. Kichwa cha shairi hakikunisumbua. Niliandika bata bukini mwitu, na kila nikiliona jina hilo nafurahi, maana Bukini ni jina la zamani la Madagaska, na ndege wa baridi ya kaskazini anatufikia akiwa na harufu ya Bahari ya Hindi. Lakini mnyama! Kwa Mswahili, kumwita mtu mnyama ni tusi. Gazeti likiandika “kitendo cha kinyama”, hakuna anayemfikiria swala wala kondoo; sote tunafikiria damu. Utu uko upande huu, unyama upande ule, na malezi yetu yote ni kumwongoza mtoto asitumbukie upande wa pili. Mwanafunzi mmoja aliposoma rasimu yangu alinyoosha mkono akasema, “Samahani Mwalimu, hapa mshairi anamruhusu mtu awe katili?”

Kwa lugha tuliyo nayo, swali lake lilikuwa halali kabisa. Na si sisi peke yetu. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliifananisha nafsi na mwendesha gari mwenye farasi wawili, mmoja mtiifu na mwingine mkaidi anayevuta kuelekea tamaa. Descartes, mwanafalsafa Mfaransa, akaja akawaona wanyama kama mitambo isiyo na fikra. Ni mapokeo marefu yanayotufundisha kwamba ndani yetu mna kitu cha kufungwa kamba. Oliver anaifungua kamba hiyo, na hapo ndipo wengi wanamsoma vibaya, kana kwamba amesema kila mtu afanye atakavyo. Tazama kitenzi alichokichagua. Hakusema mnyama huyo atwae, wala ashibe, wala ashinde. Alisema apende. Anadai kwamba mwili, kabla akili haijatoa hoja yoyote, tayari unajua kuelekea kitu kwa upendo: joto, maji, sauti ya mtu fulani, kivuli cha mti fulani. Kisha shairi linamgeukia msomaji papo hapo na kumwambia, nieleze kukata tamaa kwako, nami nitakueleza kwangu. Mnyama huyu ana jamaa. Shairi linaishia kwa bata wanaorudi kwao, na dunia ikimtangazia msomaji nafasi yake katika ukoo wa vitu vyote.

Yapo ya maisha yake yanayonifanya niyaamini maneno haya. Alizaliwa mwaka 1935 huko Maple Heights, Ohio, na uzeeni alieleza hadharani kwamba utoto wake nyumbani ulikuwa wa maumivu makubwa. Alikimbilia msituni, akiwa na vitabu, vikiwemo vya mshairi Walt Whitman. Baadaye aliishi miaka mingi Provincetown, mji wa wavuvi kwenye ncha ya rasi ya Cape Cod, jimbo la Massachusetts, pamoja na mwenzi wake wa maisha, mpiga picha Molly Malone Cook. Alitembea kila asubuhi na daftari dogo, na inasimuliwa kwamba alificha penseli kwenye miti ili asije akakwama bila ya kuandikia. Walipokosa fedha, alichimba chaza na kuokota uyoga.

Jambo hili la kula nalitilia mkazo sana, kwa sababu linamtenga na wale wanaoipenda mandhari kama picha ya ukutani. Ana insha moja, Sister Turtle, yaani Dada Kobe, ambamo anamfuatilia kobe jike wa bwawani aliyepanda nchi kavu kutaga. Anamtazama kwa heshima yote. Kisha anarudi, anafukua shimo, anachukua baadhi ya mayai, anayakoroga, anayapika, anayala. Darasani hapo huzuka kelele. Dada gani huyo anayekula mayai ya dada yake? Lakini Oliver hatafuti kutufurahisha. Anasema ukweli ambao mkulima na mvuvi hawahitaji kuambiwa, kwamba kuwa ndani ya ukoo wa viumbe ni kula na kuliwa pia. Anayeupenda msitu huku akijiweka nje ya njaa yake anaupenda kama mgeni.

Neno la pili lililogoma ni sala, na hilo lilinipa furaha kuliko shida.

Katika The Summer Day, shairi la mwaka 1990 katika House of Light, anaanza na maswali makubwa: nani aliumba dunia, nani alimuumba dubu, nani alimuumba panzi. Hajibu. Badala yake anashuka: namaanisha panzi huyu, aliyejirusha kutoka majanini, anayekula sukari mkononi mwangu, anayechezesha taya mbele na nyuma badala ya juu na chini. Kiswahili kinaibeba hatua hiyo vizuri ajabu, kutoka panzi hadi panzi huyu hadi huyuhuyu. Wanateolojia wengi huanza na kiumbe wakapanda hadi kwa Muumba. Yeye alianza juu akateremka, akafika kwenye taya, akabaki hapo.

Mwaka jana tulimkamata panzi mmoja kwenye majani nje ya darasa. Tulimwekea punje za sukari zilizoloweshwa kidogo. Sukari aliikataa, akatema ute wa kahawia kwenye kidole cha aliyemshika. Lakini alipopewa jani, tuliinama sote, na kweli: taya zinafunga kutoka pembeni, kushoto na kulia, kama mkasi uliolazwa. Hakuna aliyezungumza kwa karibu dakika nzima. Yule wa swali la ukatili ndiye aliyekuwa ameinama kuliko wote.

Baada ya panzi, mshairi anakiri kwamba hajui hasa sala ni nini, ila anajua kutulia na kutazama. Sasa sala ipi? Wanafunzi Waislamu walisikia swala, yenye udhu, kibla na saa zake. Wakatoliki walisikia Baba Yetu na rozari. Walokole walisikia maombi ya kukesha, ya sauti ya juu. Na dua ni kuomba kitu, ilhali Oliver haombi chochote. Tulizunguka sana, mpaka binti mmoja aliyekaa nyuma akasema, “Mwalimu, huyu anaeleza khushuu. Ameitoa khushuu ndani ya swala, akaipeleka shambani.” Alimaanisha ule utulivu na unyenyekevu wa moyo anaoswali nao Mwislamu. Nimesoma kurasa nyingi juu ya shairi lile na sijaona ufafanuzi ulio karibu zaidi. Simone Weil, mwanafalsafa Mfaransa aliyefariki mwaka 1943, alikuwa ameandika jambo la jirani na hilo, kwamba usikivu ukifikishwa kilele chake ni kitu kimoja na sala. Oliver naye aliandika kwamba usikivu ndio mwanzo wa ibada.

Neno usikivu lenyewe halinitoshi, maana ni la masikio. “Umakini” ni baya zaidi: “kuwa makini!” humwambia mtoto anayevuka barabara. Ni neno la hatari, na mtu anayeogopa hatari hatazami, anachunga. Nimeishia na “kutulia na kutazama”, ingawa ni refu.

Katika kutazama huko Oliver anaachana hata na Emerson, mwandishi na mwanafalsafa Mmarekani wa karne ya 19, ambaye wengi humfanya babu yake wa fikra. Emerson mwaka 1836 alieleza jinsi alivyogeuka jicho angavu uwanjani, nafsi ikatoweka, akawa si kitu. Oliver hatoweki. Mkono wake upo, umenyooka, una sukari.

Sifichi kwamba kuna mahali ananikwaza. Katika shairi la Singapore, anamkuta mwanamke kwenye choo cha uwanja wa ndege, amepiga magoti, anaosha vyombo vya majivu ya sigara ndani ya bakuli la choo. Mshairi anahisi kinyaa, na anakiri hivyo, na huo ni ujasiri. Lakini mwishoni shairi linajaa miti na ndege kwa sababu ya nuru ya uso wa yule mwanamke. Mimi ningetaka abaki na mwanamke huyo kama alivyobaki na panzi: mikono yake, kitambaa chake, anavyokizungusha. Anakaribia kufanya hivyo, kisha mto na ndege wanamchukua.

Kuhusu mnyama, niliwahi kuandika “kiumbe mpole”. Ubeti ulitiririka, hakuna aliyeshtuka. Nikaufuta siku hiyohiyo. Sasa rasimu inasema “mnyama laini”, na nikifika kwenye mstari huo darasani nausoma polepole, kisha nanyamaza, nikisubiri mkono wa kwanza unyooke.