Namba kubwa kwenye boksi: tunayoaminishwa kuhusu mashine za karakana ya nyumbani

Jumamosi moja jirani yangu hapa Nzuguni aligonga geti akiwa amebeba boksi kwa mikono miwili. Nyumba imekwisha, familia imehamia, sasa anataka kujitengenezea banda la kuku na kutundika mapazia mwenyewe. Ndani ya boksi kulikuwa na grainda ya inchi 9, wati 2,400, uzito wake zaidi ya kilo 5. "Nimechukua kubwa kabisa, kaka, nisirudi tena dukani," akasema. Niliishika, nikaipima mkononi, na moyo ukaniuma. Kwa vyuma vyembamba vya banda la kuku alihitaji mashine ya theluthi ya uzito ule. Kwa mapazia alihitaji drili, na drili hakununua.

Tangu serikali ihamie huku, na Dodoma ipewe hadhi ya jiji mwaka 2018, tumejenga wengi. Pembeni ya nyumba nyingi kuna banda la bati lenye nafasi ya meza ya kazi, na ninafurahi kila nikisikia mtu amejitengenezea meza yake ya kwanza. Kinachonisumbua ni maneno yanayotembea madukani na vijiweni kuhusu mashine za kununua. Mengine yanamla mtu fedha, mengine yanamla vidole.

"Wati nyingi ndiyo mashine bora"

Wati zilizoandikwa ubavuni ni umeme ambao mashine inakula. Si kazi inayotoka kwenye ncha yake. Sehemu ya umeme huo hupotea kama joto na kelele, na mashine mbaya hupoteza zaidi. Unaweza kuweka mezani grainda mbili za wati 850, moja ikakata vyuma vya geti zima, nyingine ikaanza kunuka kabla hujamaliza fremu ya dirisha moja.

Kwa kazi za nyumbani, grainda ndogo ya milimita 115 yenye wati 750 hadi 900 inatosha karibu kila kitu. Ile kubwa ya milimita 230, yaani inchi 9 kama ya jirani, ni ya kukata vyuma vinene, zege na mawe, na inataka mtu aliyezoea, kwa sababu ikikwama inamvuta mshikaji mzimamzima.

Dukani usisome boksi tu. Omba mashine itolewe. Zungusha kwa kidole pale inapofungwa diski: izunguke kwa ulaini bila kukwaruza, na isicheze ukiitikisa kushoto na kulia. Kisha tazama ubavuni karibu na mota. Kama kuna vifuniko viwili vidogo vya plastiki vyenye mfuo wa bisibisi, hapo ndipo kaboni, vile vipande vidogo vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, zinapobadilishwa bila kufungua mashine yote. Kwa vumbi letu la Dodoma, kuanzia Mei hadi mvua zirudi, hilo si jambo dogo. Mota inajipoza kwa kuvuta hewa ya nje, na hewa yetu ina mchanga mwekundu ndani yake. Kaboni zitalika, beringi zitalalamika. Muulize muuzaji kaboni za mashine hiyo anazo leo, siyo kesho. Treni ya SGR imerahisisha mambo, maana mtu anayekwenda Dar anaweza kukuletea spea kutoka Kariakoo na kurudi siku hiyohiyo, lakini spea ambayo hata Kariakoo haipo haitaletwa na treni yoyote.

"Grainda moja inamaliza kazi zote, hata mbao"

Hili nitalisema polepole, kwa sababu mdogo wangu ana kovu juu ya goti lake la kushoto.

Alifunga kisahani cha msumeno chenye meno kwenye grainda ndogo. Kava la kinga lilikuwa linagusa meno, akalitoa. Akaanza kupasua ubao wa mninga. Katikati ya ubao njia ya msumeno ikabana, meno yakang'ata, mashine ikaruka. Muda wote huo ni mfupi kuliko kupepesa jicho. Nilimfunga mguu kwa kanga ya mke wangu, nikaikaza mpaka tukafika hospitali.

Grainda imetengenezwa kusaga na kukata chuma na mawe. Ile ndogo inazunguka hadi mara 11,000 kwa dakika, takribani mara mbili ya msumeno wa duara wa kukatia mbao. Msumeno wa duara una sahani pana ya chuma inayolala juu ya ubao, na una kava linalojifunga lenyewe unapoinua mkono. Grainda haina hivyo. Meno yakishika, mkono wako ndio breki pekee iliyobaki. Kama unataka kukata mbao nyumbani na fedha ni kidogo, nunua jigso, ule msumeno mdogo wa umeme wenye wembe unaopanda na kushuka. Inakwenda taratibu, lakini inakata moja kwa moja na kwa kona, na ikikwama inatikisika tu.

Ndugu wa kosa hilo ni kufunga diski kubwa kwenye grainda ndogo baada ya kung'oa kava, "ili ikate ndani zaidi". Diski nyingi za kukatia zimeruhusiwa mwendo wa mita 80 kwa sekunde kwenye ukingo wake. Diski ya milimita 230 kwenye mashine ya mizunguko 11,000 inafika mita 132 kwa sekunde. Vipande vyake vikiachana, vinaondoka kwa mwendo huohuo, na mara nyingi uso wako ndio ulio mbele.

"Drili yenye alama ya nyundo itatoboa popote"

Kwenye tofali la saruji, ndiyo. Kwenye linta, ile boriti ya zege juu ya mlango au dirisha, utachoka. Drili ya kawaida yenye kitufe cha nyundo inagonga kwa visahani viwili vyenye meno yanayorukiana. Mapigo ni mengi sana lakini mepesi, na nguvu yenyewe inatoka begani kwako unaposukuma. Zege letu limejaa kokoto za graniti kutoka kwenye vilima hivihivi tunavyoviona. Biti, yaani ncha ya kutobolea, ikikutana na kokoto, inaimba tu na kubadilika rangi kwa joto.

Inayotoboa linta ni ile ambayo mafundi wanaiita drili ya SDS, ambayo ndani yake ina pistoni inayosukuma kwa hewa. Mapigo ni machache, kila moja zito. Kwenye boksi lake tafuta neno joule, kipimo cha uzito wa kila pigo: 2 hadi 3 zinatosha nyumba. Biti zake zina mifereji kwenye shina, haziingii kwenye drili ya kawaida. Kama unatundika mapazia tu, azima. Nyumba moja ina matundu ya mapazia ya siku mbili, kisha drili italala miaka.

"Umeme ni umeme"

Mashine za mtumba zinavutia, nami ninazo mbili. Ila soma kibati chake kwanza. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Japani wanatumia volti 100. Marekani ni 120, hezi 60. Hata Uingereza, ambako majumbani ni 230 kama kwetu, mashine nyingi za maeneo ya ujenzi ni za volti 110 na plagi yake ni ya njano, ya duara. Kuna mtu atakukatia plagi hiyo, akufungie ya pini tatu, akwambie iko sawa. Ukiwasha mashine ya 110 kwenye 230, inajaribu kuvuta nguvu zaidi ya mara 4 ya ile iliyokadiriwa. Utasikia mlio mmoja wa juu sana, kisha moshi. Bila transfoma ya kushusha, iache.

"Ekstensheni ni waya tu"

Banda la kuku la jirani liko mwisho wa kiwanja, kama mita 30 kutoka kwenye soketi. Alivuta ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu, nusu yake ikiwa bado imezungushwa kwenye gurudumu lake. Baada ya dakika chache grainda ilianza kulia kwa uchovu. Niliweka kiganja kwenye gurudumu nikakiondoa haraka. Lilikuwa la moto kama sufuria.

Waya wa milimita za mraba 0.75 wenye urefu wa mita 30, ukiendesha mashine ya wati 2,000, unapoteza volti 13 hadi 14 njiani, na joto la zaidi ya wati 100 linabaki ndani ya waya wenyewe. Ukiwa umekunjwa, joto halina pa kwenda. Kwa waya wa milimita za mraba mbili na nusu hasara ni kama volti 4 tu. Nunua wa moja na nusu kwa mashine ndogo, wa mbili na nusu kwa kubwa, na kila mara uukunjue wote, hata kama kazi ni ya dakika mbili.

Mashine ya kuchomelea inastahili neno lake hapa. Watu wanatafuta inveta iliyoandikwa ampea 200 au 300 halafu wanaichomeka kwenye soketi ya sebuleni. Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13, yaani takribani wati 3,000. Kuchomelea kwa ampea 200 kweli kunahitaji karibu mara mbili ya hapo. Kwa bahati nzuri hukuhitaji: vijiti vya milimita 2.5, ambavyo ndivyo vya grili na mageti mepesi, vinataka ampea 60 hadi 90, na hizo plagi inazimudu. Uliza asilimia ya muda wa kazi badala ya ampea. Asilimia 60 maana yake dakika 6 za kuchomelea katika kila 10, na zilizobaki mashine ipoe. Namba hiyo ikikosekana kwenye kibati, na mashine ni nyepesi kama redio, jua ampea zake ni za wino.

"Betri ya volti 88 ina nguvu kuliko ya 18"

Nimeona drili za betri zilizoandikwa 48, 88, hata 128. Seli moja ya lithiamu ina volti 3.6 za kawaida, na ikijaa kabisa 4.2. Seli 5 zikiunganishwa ni volti 18, na zikiwa zimejaa ni 21. Ndiyo maana 18, 20 na 21 kwenye maboksi tofauti zinaweza kuwa kitu kilekile. Ili upate volti 88 za kweli unahitaji seli zaidi ya 20, na betri hiyo haikai kwenye mpini wa drili ya mkono mmoja. Zidisha volti za kweli kwa ampea-saa: 18 mara 4 ni wati-saa 72. Hiyo ndiyo tanki yako.

Wapo pia wanaosema betri lazima iishe kabisa ndipo uichaji. Hilo lilitoka kwenye betri za zamani za nikeli na kadimiamu. Lithiamu haipendi kukauka, na adui yake mkubwa ni joto. Chini ya bati la Dodoma saa 8 mchana, banda ni tanuri. Mimi betri zangu zinalala ndani ya nyumba, chini ya kitanda.

"Mashine zitamaliza luku"

Hazimalizi. Grainda ya wati 850 ikikata saa nzima mfululizo inakula uniti 0.85. Hita ya kuogea ya wati 5,000 inakula kiasi hichohicho kwa dakika 10. Nani anakata saa nzima mfululizo?

Na kuhusu "imetengenezwa China, kwa hiyo feki": Bosch na Makita zote zina viwanda China. Kiwanda kiko wapi hakikwambii kitu. Feki inajulikana kwa maandishi yaliyokosewa, kibati kisicho na namba ya mashine, na bei ambayo mwenye duka halali hawezi kuifikia.

"Kitambaa puani kinatosha"

Hapa ndipo ninaposihi. Ukikata zege, vigae au jiwe la graniti, vumbi linalokupaka nyusi si hatari kama lile usiloliona. Chembe ndogo za silika zinapita kwenye kitambaa kama maji kwenye chekeche, zinafika chini kabisa ya mapafu, na kovu linaloachwa huko halitibiki. Vumbi la mbao ngumu nalo limethibitishwa kusababisha saratani ya pua. Barakoa ya daraja la N95 au FFP2 ni sehemu ya bei ya mashine. Lowanisha tofali kwa kopo la maji unapokata kwa mkono, fanya kazi nje, upepo ukiwa mgongoni. Na vaa miwani ya kinga inayofunika pembeni. Ya jua si kinga.

Jambo moja nililichelewa mno kulijua. Fundi mmoja wa Chang'ombe aliichukua diski mpya mkononi mwangu, akaielekeza kwenye mwanga wa mlango, akanionyesha ile pete ya chuma ya katikati. Imechongwa herufi V, kisha mwezi na mwaka. "Mzee, hii nayo ina mwisho wake kama dawa," akasema. Gundi inayoshikilia chembe inazeeka, hasa ikipata unyevu, na kwa kawaida hupewa miaka 3. Nilirudi nyumbani nikapekua ndoo iliyo chini ya meza. Diski 11, na 4 zilikuwa zimepitwa na muda, moja tangu 2019. Nilizivunja kwa koleo moja baada ya nyingine kabla ya kuzitupa, asije mtu akaziokota jalalani na kuzifunga kwenye mashine.