Maswali na majibu: Inhela ya pumu haizoeshi

Pumu ni nini?
Ni ugonjwa wa muda mrefu wa njia za hewa. Ndani zinavimba, makohozi yanajaa, misuli yake inakaza; kifua kinabana na kutoa mluzi. Hauambukizi.

Mbona nimeandikiwa inhela mbili?
Inhela ni kifaa cha kuvutia dawa kwa mdomo, na kila moja ya hizo mbili ina kazi yake. Ya salbutamol, mara nyingi ya bluu, hulegeza misuli ndani ya dakika chache, na baada ya saa nne hivi nguvu yake imekwisha. Uvimbe haiugusi. Uvimbe unatibiwa na ile ya steroidi, kama beklometasoni au budesonidi, inayovutwa kila siku hata kama hujabanwa. Hiyo ndiyo mnayoiacha kabatini.

Nikipata nafuu niache?
Hapana. Nafuu hiyo imeletwa na dawa. Wanaoletwa hospitali usiku wakihema, tukiwauliza, jibu ni lilelile: "Niliacha, nilishapona." Usiache. Kupunguza dozi kunawezekana, ila kwa kupanga na daktari.

Lakini si inazoesha?
Haizoeshi. Narudia: haizoeshi. Anayebanwa tena baada ya kuacha amerudiwa na ugonjwa. Na wanaokimbilia vidonge vya salbutamol kwa kuogopa inhela wajue kwamba kidonge cha miligramu 4 kina dawa sawa na mipulizo 40 ya inhela, kila mmoja mikrogramu 100. Ndiyo maana mikono inatetemeka na moyo unakwenda mbio.

Nizungumze nini na daktari?
Nenda na inhela zako zote, uvute mbele yake. Wengi wanabonyeza dawa ikaishia ulimini. Tikisa, toa pumzi, fumba midomo kuizunguka, bonyeza huku ukianza kuvuta taratibu, kisha zuia pumzi uhesabu hadi kumi. Baada ya steroidi sukutua na uteme, usije ukapata utando mweupe mdomoni. Mwambie pia ya bluu inakuishia baada ya muda gani. Nyingi zina mipulizo 200. Ukimaliza moja kila mwezi, uko hatarini, hata kama unatembea kwenda kazini. Bei ikikushinda, sema. Asipojua, atakuongezea dozi ya dawa ambayo hukuinunua.

Wakati gani nisingoje kukuche?
Ukishindwa kumaliza sentensi, midomo au kucha zikibadilika rangi, mbavu za mtoto zikizama anapovuta pumzi, au ya bluu ikishindwa kukutuliza. Usianze kuchemsha tangawizi wala kujifukiza. Ondoka saa hiyohiyo kwenda hospitali, ukiendelea kuvuta ya bluu njiani.